Bi harusi, wewe si mpagazi: fungate si safari ya mzigo



Wiki iliyopita alikuja dukani bi harusi kujaribu nguo. Harusi yake imebaki siku kumi na mbili, na ikimalizika, yeye na bwana wanakwenda Istanbul siku sita. Tukampa hongera, tukamuombea safari ya kheri. Tukamuuliza, basi mmepanga kutembea wapi? Akatoa simu akaanza kutusomea. Mapazia ya mamkwe, rangi ya maziwa. Viatu vya wifi, namba 39, na kama hakuna basi 40. Magauni sita ya mama mdogo, ya kuuza. Vikombe vya chai vya shangazi. Misala ya kuswalia, mmoja mmoja kwa kila jirani. Jaketi la shemeji anayesoma Bara. Tulihesabu mpaka 43, tukachoka. Tukamwambia: "Mdogo wetu, sisi tumekuuliza mtatembea wapi." Akainama kwa haya, akasema: "Nasikia kuna Laleli."

Leo tutasema, na atakayekasirika atusamehe. Haya si mapenzi ya familia. Ni kumtwisha mtu mzigo siku ambayo hawezi kusema hapana. Bi harusi hawezi kumkatalia mamkwe wiki ya harusi, na kila mtu anajua hilo, ndiyo maana orodha zinaletwa wiki hiyo hiyo. Wahenga wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mmoja anaona chake ni kidogo, ni viatu tu, ni pazia tu. Lakini anayekwenda kubeba makanda 43 ya usufi ni mtu mmoja, na bega lake ni moja.

Laleli tunaijua vizuri. Ni mtaa wa maduka ya jumla, tramu inapita, vibao vimeandikwa Kirusi na Kiarabu, na mabegi yanafungwa kwa gundi ya karatasi mlangoni usiku na mchana. Sisi wenye maduka ya nguo Unguja hatuwezi kuitukana Laleli, imetulipia kodi ya fremu na ada za skuli za watoto. Tunachosema ni kuwa mtu haendi Laleli kwa fungate, kama vile haendi Darajani na kitanda.

Na hatusemi kwa kusikia. Tumelala kwenye kitanda hicho, kunguni wake tunawajua.

Sisi wawili tulioana tukiwa na cherehani mbili na fremu ndogo isiyo hata feni. Watu wakatushauri: nendeni Istanbul, fungate itajilipa yenyewe. Tukaona ni akili. Tukapewa pesa za watu, tukapewa na orodha zao, tukakaa siku tano. Siku zote tano tuliamka, tukanywa chai, tukaingia madukani. Bwana alikuwa anakaa kwenye ngazi za maduka juu ya mabegi, kama mlinzi, huku mwanamke wa watu anapanda na kushuka kuuliza bei. Tulikuwa tunasikia adhana za misikiti ambayo watu wanavuka bahari kuja kuiona, na sisi tunaswali kwenye chumba cha nyuma cha duka, baina ya maboksi. Bosphorus, ule mkono wa bahari uliougawa mji huo baina ya Ulaya na Asia, hatukuuona ila siku ya kuondoka, tena kwa mbali, dirishani mwa gari.

Uwanja wa ndege mzigo ukazidi kilo. Tukafungua mabegi sakafuni mbele ya watu. Bwana akatoa viatu vyake, akatoa koti lake, akavaa mashati matatu moja juu ya jingine, ili mapazia ya watu yaingie. Hakusema neno. Hakusema neno ndani ya ndege wala tuliposhuka. Na tulipofika nyumbani, wifi wa kwanza kupokea mzigo wake akasema: "Mbona rangi siyo niliyosema?"

Mashoga, tuliulizwa Istanbul kuna nini, tukakosa la kujibu isipokuwa bei. Ndoa yetu ilianza hivyo. Kumbukumbu yetu ya kwanza pamoja ilikuwa hesabu, na ilituchukua muda mrefu kuacha kuzungumza kama watu wawili wanaogawana gharama za duka.

Sasa tuwajibu wanaotuambia kuwa matembezi ya mke na mume ni mambo ya kizungu.

Fungate ni neno la nani? Ni neno letu. Ni siku saba. Bibi zetu hawakuwahi kupanda ndege, na waliijua fungate kuliko sisi. Maharusi walikuwa wanakaa ndani siku saba, bi harusi hashiki ufagio, hashiki mwiko, chakula kinaletwa kimefunikwa, somo yupo kumsimamia, na hakuna aliyegonga mlango kumwambia: "Ukitoka, nipitie sokoni." Wazee wetu walijua kuwa watu wawili waliokutanishwa na nikaha wanahitaji siku zisizo na kazi ili wajuane. Hizo siku saba zilikuwa na ulinzi. Tulichofanya sisi wa leo ni kuiondoa fungate chumbani tukaipeleka Istanbul, halafu ulinzi wake tukauacha nyumbani. Basi mwenye uzungu ni nani, anayetembea taratibu na mumewe, au anayeigeuza fungate kuwa biashara?

Na wanaosema dini haina nafasi ya mambo hayo, wakumbuke Mtume wetu (S.A.W.) na Bi Aisha. Walikuwa safarini, akawaambia watu watangulie mbele, kisha yeye na mkewe wakashindana mbio. Bi Aisha akamshinda. Miaka ikapita wakashindana tena, safari hii akashinda Mtume, akamtania kuwa hii ni badala ya ile. Tulitafakari mahala pamoja tu hapo: watu waliambiwa watangulie. Msafara mzima ulisogea ili mume na mke wapate nafasi ya kucheza. Na siku ya Idi Wahabeshi walipocheza na mikuki msikitini, alimsitiri Bi Aisha nyuma yake akamuacha atazame mpaka achoke mwenyewe. Hakumharakisha. Huyo ndiye kiigizo chetu, naye alikuwa na shughuli za umma mzima mabegani.

Wapo watakaosema: hiyo pesa ni israfu. Hapa tunakubaliana nao nusu. Ikiwa pesa ya safari ni ya kukopa, ni ya mchezo wa mwezi ujao, au ni ya kikoba, basi msiende. Tunasema waziwazi, msiende. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na fungate ya kuazima haisitiri ndoa. Utarudi na picha na deni, picha zitazeeka kabla ya deni. Usisafirie nyota ya mwenzio. Yule uliyemuona simuni akiwa juu ya mnara hujui nani amemlipia, na hujui alirudi vipi. Kaeni siku tatu Makunduchi au Pemba, mtembee ufukweni asubuhi, mle samaki wa kuchoma, ni fungate kamili na ina thawabu zake. Lakini mwenye uwezo wake wa halali, ambaye ametimiza mahari na hana deni la mtu, akimtembeza mkewe siku chache haitwi mbadhirifu. Tunaolia israfu ndio sisi tunaoshonesha sare tatu kwa harusi moja na kukodi ukumbi kwa saa nne.

Hoja yenye uzito ni hii nyengine, na hatutaidharau: "Mara ngapi mtu wa kwetu anafika Istanbul? Jamaa wamekuchangia harusi, mama mdogo amepika usiku kucha, huoni aibu kurudi mikono mitupu?" Ni kweli. Sisi ni watu wa kupeana, na mtu asiyeleta zawadi hatulali usingizi. Basi tuweke mpaka. Zawadi ni kitu unachochagua wewe kwa mapenzi yako. Kitu alichochagua mwengine, kwa rangi na namba, ni agizo. Agizo lina safari yake na lina ujira wake, na sisi wenye maduka tupo, tuleteeni, tutawaletea. Bi harusi alete zawadi moja kwa kila nyumba, zote ziingie begi moja, na zinunuliwe asubuhi moja. Soko la viungo pale Eminönü, Waturuki wanaliita Mısır Çarşısı, limejaa peremende za lokumu, chai na sabuni. Saa mbili zinatosha. Mtu asiyeridhika na lokumu iliyotoka mkononi mwa bi harusi, huyo hakuwa anataka zawadi.

Tulirudi Istanbul sisi wawili miaka minane baadaye. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao. Tulisema tunakwenda kupumzika, na orodha zikaanza kuja, tukazikataa zote. Ndiyo, watu walinuna. Bado wapo walionuna. Tulikaa siku nne, na tungependa tuwaeleze zilivyokuwa, kwa sababu bi harusi wengi hawajawahi kusikia siku ya matembezi inavyokwenda bila duka.

Tulipanga vitu viwili tu kwa siku, kimoja kabla ya Adhuhuri na kimoja baada ya Alasiri. Saa yetu ilikuwa adhana. Inapoadhiniwa tunaingia msikiti wa karibu, kila mmoja upande wake, tukitoka tunakutana mlangoni penye viatu. Mtu hajui raha ya kumsubiri mumewe mlangoni mwa msikiti katika mji ambao hakuna anayemjua.

Siku moja ilikuwa ya Süleymaniye, kazi ya Sinan, uliokamilika 1557. Upo juu ya kilima, na ukumbi wake wa nje unatazama maji. Tulikaa pale juu ya ukuta baada ya Adhuhuri mpaka Alasiri ikatukuta pale pale. Siku nyengine Sultan Ahmed, wenye minara sita na vigae vya buluu zaidi ya 20,000, na ng'ambo ya bustani Ayasofya, iliyokuwa kanisa tangu 537, ikawa msikiti 1453, ikafanywa makumbusho katika karne iliyopita, na tangu 2020 inaswaliwa tena. Mwenye kwenda kuswali anaingia chini. Watalii wana njia yao ya ghorofani, nao wanalipa.

Siku ya tatu tulikwenda Eyüp, alipozikwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina alipohama. Tukawakuta maharusi wa Kituruki wamekuja na nguo zao za harusi, wazazi wao nyuma, kuomba dua. Tukaangaliana tukacheka. Nao wana yao, kumbe tuko pamoja.

Siku ya nne tulipanda meli Eminönü kwenda Üsküdar, upande wa Asia. Ni meli ya abiria ya kila siku, wafanyakazi wanarudi makwao, nauli unagonga kadi ile ile ya tramu. Mtu anapita na chai kwenye vigilasi vyembamba kiunoni, na shakwe wanafuata nyuma wakirushiwa vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Ipo treni inayopita chini ya bahari tangu 2013, unafika kwa dakika chache. Sisi tulichagua meli kwa sababu ni ya polepole.

Hapo ndani ya meli bwana akaanza kusema. Alisema marehemu baba yake alimpandisha chombo Pemba kuja Unguja akiwa na miaka sita, usiku, bahari imechafuka, na baba akamfunga kwa kilemba kiunoni mwake ili asichukuliwe na maji. Alisema tangu siku hiyo akinusa bahari anamkumbuka baba. Mashoga, miaka minane ya ndoa na watoto wawili, neno hilo hatukuwahi kulisikia ndani ya nyumba yetu. Lilikuwa linasubiri siku isiyo na kazi. Tulipofika Üsküdar hatukushuka. Tulirudi na meli ile ile, kisha tukaenda tena.

Tukajiuliza: kama yale mapazia ya safari ya kwanza yangekosa kuja, nani angekufa? Na yale maneno tungeyapata mwaka wa kwanza, tungeepuka ugomvi mara ngapi?

Baadaye tulishuka Üsküdar. Pale penye gati upo msikiti wa Mihrimah Sultan, binti wa Sultan Suleiman, aliojengewa na Sinan tangu 1548. Na mbele kidogo, penye makaburi ya Karacaahmet, upo msikiti mpya wa Şakirin wa 2009, ambao ndani yake umepambwa na mwanamke, Zeynep Fadıllıoğlu. Sehemu ya wanawake ipo juu, ina nafasi, ina mwanga, unaliona kuba lote. Tuliswali pale tukiwaza sehemu nyingi za wanawake tulizozizoea, nyuma, penye joto na viatu. Bi harusi wa Kiislamu akayaone haya. Ni elimu.

Sasa maneno machache kwa kila mwenye kuhusika.

Mama zetu na mama wakwe, mnaheshimika, na radhi zenu ndizo zinazotuweka. Tunawaomba muwe wa kwanza kuirudisha orodha. Mama akisema "sitaki kitu, nendeni mkastarehe", mawifi wote wananyamaza. Mkisema nyinyi inatosha.

Mabwana harusi, msimuachie mkeo aseme hapana peke yake. Orodha ya mamako ni kazi yako kuijibu, tena kwa adabu na mapema. Mke mgeni akikataa ataitwa mchoyo maisha yake yote. Wewe ukikataa utaitwa mtoto mjeuri kwa wiki moja.

Mabibi harusi, punguzeni simu. Hatusemi msipige picha, tunazo na sisi, zipo ndani ya nyumba. Lakini picha ya mumeo amekushika mkono mbele ya bahari, kwa nini aione fundi wa bomba? Jicho lipo, na haya ni sehemu ya imani. Pia siku inayopangwa kwa picha haina utulivu, utakuwa unamuamrisha mume asimame, ageuke, arudie, mpaka naye atamani kurudi hotelini. Kabla ya kuondoka muulizeni sheikh wenu hukumu ya swala ya safari. Kwa sisi Mashafi, anayenuia kukaa mahala siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hafupishi. Mjue mapema msije mkabishana jangwani. Na jueni kuwa kasri la Topkapı hufungwa Jumanne na soko kubwa la Kapalıçarşı hufungwa Jumapili, msije mkapoteza asubuhi. Topkapı msiikose, kipo chumba cha vitu vinavyonasibishwa na Mtume (S.A.W.), na ndani yake Qur'ani inasomwa.

La mwisho ni letu wenyewe, maana si haki kusema watu tukajisahau. Sisi mafundi na wenye maduka tumeshiriki dhambi hii. Tumewashonea mabibi harusi "seti ya fungate", nguo saba za siku saba, kila moja na mtandio wake na viatu vyake, nguo ya msikitini, nguo ya melini, nguo ya mnarani, kana kwamba wanakwenda jukwaani. Tumewaambia fungate itajilipa. Tulipata faida, na tunajua nani alilipa.

Basi kuanzia msimu huu, dukani kwetu seti hiyo hatushoni tena. Atakayekwenda safari tutamshonea mabaibui mawili ya kitambaa chepesi kisichohitaji pasi, yenye mifuko ya ndani ya kutilia kadi na tasbihi, na tutamwambia anunue viatu vya chini, kwa sababu mji ule ni wa vilima. Tutauza kidogo. Riziki anatoa Allah.

Na yule bi harusi wa orodha ya 43? Tulimkalisha, tukamsimulia habari ya mashati matatu. Alikaa kimya, kisha akauliza kama meli ya Üsküdar inapandwa na watu wa kawaida. Tukamwambia ndiyo, mdogo wetu, wa kawaida tu, nenda ukakae nje, upande wa upepo, na usimuharakishe mwenzio kusema.

Allah awatie baraka maharusi wote, awakusanye katika kheri, awape siku za kujuana kabla ya siku za kuhangaika. Amin.